Mboga: jina la jani au la nafasi kwenye sahani?

Muulize mtu wa Morogoro au Shinyanga, "Leo mboga nini?" Atakujibu bila kusita: nyama, dagaa, maharage, mlenda. Lipeleke swali hilohilo Nakuru na utatajiwa sukuma wiki, kabichi au managu. Ukimwambia mwenyeji wa huko kwamba mboga ya leo ni nyama ya ng'ombe, ataona umechanganya mambo. Wote wawili wanazungumza Kiswahili, na wanaelewana vizuri tu hadi wanapofika mezani. Shida huja pale neno hili linapoandikwa kwenye kitu cha kusomwa na pande zote: bango la lishe, dodoso la utafiti, menyu, kitabu cha mapishi, maelekezo ya kumwanzishia mtoto chakula.

Wapo wanaolimaliza jambo hili kwa hukumu fupi: mboga ni mimea, kwa hiyo Mtanzania wa bara anayeiita nyama mboga anakosea. Hukumu hiyo haisimami. Matumizi ya bara yana kanuni zake, tena zinabana kweli, na ukizifuatilia utakuta kwamba neno lenyewe halitaji mmea wala mnyama. Linataja nafasi kwenye sahani.

Tuanze na chakula. Katika kaya nyingi za bara, "chakula" kwa maana yake ya karibu ni kile cha kushibisha: ugali, wali, ndizi, viazi, muhogo. Ndiyo maana mtu anaweza kusema "chakula kipo, mboga ndiyo hakuna" na asionekane anajipinga. Ugali husongwa kwa maji na unga tu, bila chumvi wala mafuta. Ni mzito, ladha yake ni ndogo, na ukiula mtupu koo huanza kukataa baada ya matonge machache. Unahitaji kitu cha kuupa chumvi, mafuta na umajimaji, na kiwe kinachoteka kwa tonge lililobonyezwa katikati kwa dole gumba. Chochote kinachofanya kazi hiyo ni mboga: mchicha wa nazi, samaki wa mchuzi, maharage, matumbo, mayai, hata maziwa mgando kwa wafugaji.

Bajeti ya nyumba nayo imelipa neno nguvu. Unga hutoka ghalani, au hununuliwa kwa mfuko wa kilo 25 ukakaa wiki kadhaa. Mboga hununuliwa leo kwa ajili ya leo, kwa sababu majani hunyauka, nyama huharibika, na jokofu si la kila nyumba. Ndiyo maana kuna "hela ya mboga" inayoachwa mezani asubuhi, na hujasikia mtu akiacha hela ya ugali. Anayeuliza "mboga nini?" anauliza kitu pekee ambacho siku hiyo bado hakijaamuliwa.

Misemo ya mitaani imejengwa juu ya maana hiyohiyo. "Mtoto wa mboga saba" ni mtoto wa kishua, wa nyumba ambayo wali mmoja unasindikizwa na nyama, samaki, kuku, maharage, majani na vingine vingi. Ukishikilia kwamba mboga ni majani tu, msemo unavunjika: nyumba yenye aina saba za majani mezani itakuwa ya mwenye bustani, si ya tajiri.

Ukitaka kujua kama chakula fulani kina nafasi ya mboga, kijaribu kwa neno "kavu". Ugali mkavu ni ugali usio na mboga. Makande hayakubali jaribio hili, kwa sababu mahindi na maharage yameshapikwa pamoja. Hakuna kilichobaki pembeni cha kukosekana. Mtori hivyohivyo, na pilau pia. Kachumbari inayowekwa kando ya pilau haiitwi mboga, na ikikosekana hakuna atakayelalamika kwamba amepewa pilau kavu. Kwenye chipsi mambo yanakuwa ya ajabu kidogo. "Chipsi kavu" ipo na kila muuzaji anaielewa, maana yake chipsi zisizo na yai wala kuku wala mshikaki. Lakini hakuna anayeliita yai la chipsi mayai kuwa mboga. Chipsi zimerithi ukavu wa ugali bila kurithi mboga yake, pengine kwa sababu hazikuingia kwetu kama mlo wa nyumbani.

Asubuhi nafasi hiyo ina jina lake. Kinachosindikiza chai ni kitafunwa: andazi, chapati, mkate, kiazi, muhogo wa kuchemsha. Muhogo wa saa moja asubuhi ni kitafunwa, na muhogo uleule saa mbili usiku, ukiwa na samaki, ni chakula, naye samaki ndiye mboga. Chapati inayoliwa na chai ni kitafunwa. Ikiliwa na maharage jioni, imekuwa chakula na maharage ni mboga yake. Hakuna kilichobadilika kwenye muhogo wala chapati isipokuwa mahali pake kwenye mlo. Ajabu ni kwamba hakuna anayekasirishwa na kitafunwa kubadilika hivi, ila mboga ikifanya jambo lilelile watu huanza kutafuta kamusi.

Sarufi inatoa ushahidi mwingine ambao wachambuzi wengi huupita. Mboga iko katika ngeli ya i-/zi-, kwa hiyo umbo lake halibadiliki kati ya umoja na wingi. Upatanisho ndio unaosema. "Mboga imeungua" ni ya jikoni: chungu kimoja, mlo mmoja, haijalishi ndani yake mna nyama au mchicha. "Mboga zimenyauka" ni ya shambani au sokoni, na hapo hata Mtanzania wa bara anafikiria mimea. Vivyo hivyo "mboga yangu" ni fungu langu kwenye sahani, na "mboga zangu" ni tuta langu bustanini. Maana mbili zinaishi katika kinywa kimoja, na kiambishi kinazitenganisha. Anayetafsiri maandishi kutoka lugha nyingine hukusudia wingi karibu kila mara, "kula mboga zaidi", "osha mboga", "mboga ni muhimu", na hakuna hata moja kati ya hizo yenye kiambishi cha upatanisho cha kumsaidia msomaji.

Lugha jirani zinatusaidia kuona neno limetoka wapi. Kinyarwanda kina imboga kwa maana ya majani na mimea ya kupikwa. Kikuyu kina mboga kwa maana hiyohiyo. Kwa Kiganda, emboga ni kabichi. Kwa hiyo jani ndilo lililotangulia, na maana ya bara ni neno lililopanuka: mboga iliyokuwa ya kila siku ilikuwa majani, jina la kile kinacholiwa mara nyingi likashika nafasi nzima, kisha nyama na samaki wakaingia humo kama wageni wa siku za neema.

Nafasi yenyewe, hata hivyo, haikubuniwa na Watanzania. Kichewa cha Malawi kina ndiwo, neno la chochote kinacholiwa na nsima, yaani ugali wao, na wakitaka kutaja majani husema ndiwo zamasamba, maana masamba ni majani. Kiganda kina enva kwa kitoweo chochote, na majani ni enva endiirwa. Linganisha na "mboga za majani" ya Tanzania. Lugha tatu, mbinu moja: neno pana la nafasi, halafu sifa ya kulibana. Anayesema "mboga za majani" ni urudiaji wa bure, kana kwamba kuna mboga zisizo za majani, anapima Kiswahili cha Dodoma kwa kipimo cha mahali pengine.

Pwani nayo ilikuwa na neno lake la nafasi, nalo ni kitoweo. Linatokana na kutowea, yaani kula chakula kwa kukisindikiza na kingine. Kwa maana hiyo kitoweo kinaweza kuwa samaki, kunde za nazi, mchuzi mtupu, hata kitu cha majimaji. Waislamu wanaijua hadithi ya Mtume inayoisifu siki kuwa kitoweo kizuri, na hakuna anayeshangaa kwamba siki si nyama. Neno hili lilipopanda bara lilipungua. Leo mtu wa bara akisema ametafuta kitoweo, ana maana ya nyama, kuku, samaki, au kilichowindwa. Mbuzi wa kitoweo ni mbuzi wa kuchinja. Mboga ilitoka kwenye jani ikameza kila kitu, na kitoweo kilitoka kwenye kila kitu kikaishia kwenye mnyama.

Hii ndiyo sababu dawa inayopendekezwa na baadhi ya wahariri haiponyi. Wanafuta "mboga" yenye maana pana na kuweka "kitoweo", wakiamini wameandika Kiswahili safi. Msomaji wa Unguja au Mombasa ataridhika. Msomaji wa Tabora akisoma kwamba "kaya nyingi hazina kitoweo" ataelewa kwamba hazina nyama wala samaki, ilhali mwandishi alikuwa na maana kwamba watu wanakula ugali mkavu. Hizo ni hali mbili zilizo mbali sana, na moja ni ya dharura zaidi ya nyingine.

Kenya ina mambo yake. Kwenye kibanda cha Nairobi au Eldoret, "ugali mboga" ni oda kamili: ugali na majani, mara nyingi sukuma au kabichi, moja ya sahani za bei ya chini. Peleka oda hiyo kwa mama ntilie wa Dar es Salaam na hutapata sahani, utapata swali: "Mboga gani?" Atakutajia alizonazo, nyama, samaki, maharage, na ukishachagua atakuwekea kijiko cha majani pembeni na pengine kipande cha tikiti bila kuombwa. Yale majani ya pembeni ndiyo yaliyokuwa oda yenyewe kule Nairobi. Mama mboga wa Kenya, ambaye kampeni za uchaguzi wa mwaka 2022 zilimfanya nembo ya mfanyabiashara mdogo, anauza sukuma, nyanya na vitunguu. Mwenzake wa Tanzania ni muuza genge. Hata sukuma wiki, jani ambalo Wakenya hulitaja kwanza, lina jina la kazi: ni mboga ya kusukumia wiki hadi hela ipatikane. Jina hilo limesahau mmea na kukumbuka sahani, sawasawa na mboga ya bara.

Majina ya majani yenyewe yana mitego midogo. Mnavu wa Tanzania ni managu ya Kenya. Mgagani ni sagaa. Mchicha ni terere kwa wengi wa Kenya ya kati, na lengalenga kwa watu wa Burundi na Kivu. Kisamvu ni sombe mashariki mwa Kongo na isombe Rwanda. Mtego mkubwa zaidi ni kunde. Sokoni Kenya, kunde ni majani. Sokoni Tanzania, kunde ni punje, na ukitaka jani lazima useme majani ya kunde. Mapishi yanayosema "chukua nusu kilo ya kunde" yanampeleka kila msomaji kwenye meza tofauti ya soko, na mmoja wao atakuwa amebeba chakula cha wiki nzima.

Hasara kubwa zaidi iko kwenye tafiti za lishe, na hapa inafaa kwenda polepole. Kipimo kinachotumika sana ni kile kiitwacho MDD-W, yaani kiwango cha chini cha mchanganyiko wa vyakula kwa wanawake, ambacho mwongozo wake ulitolewa na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, pamoja na shirika la FHI 360 mwaka 2016, na FAO ikauboresha mwaka 2021. Mwanamke wa miaka 15 hadi 49 huulizwa alichokula na kunywa katika siku moja iliyopita, na majibu hupangwa katika makundi 10. Akifikisha makundi 5 au zaidi, amevuka kiwango. Kati ya hayo 10, matatu yanahusu kile ambacho lugha nyingine ingekiita mboga kwa neno moja: majani ya kijani iliyokolea, mboga na matunda mengine yenye vitamini A kwa wingi, na mboga nyinginezo. Jamii ya kunde ni kundi jingine, na nyama, kuku na samaki ni kundi jingine.

Sasa chukua dodoso lililotafsiriwa kwa haraka lenye swali, "Jana ulikula mboga?" Kijijini Singida jibu ni "ndiyo", kwa sababu jana hakula ugali mkavu. Mdadisi anaweka alama ya majani, kumbe mboga ilikuwa dagaa. Kosa limeingia mara mbili: majani yamehesabiwa ilhali hayakuliwa, na samaki aliyeliwa hakuhesabiwa. Kuna kosa la kinyume chake ambalo halionekani kirahisi. Mdadisi anauliza "mboga ilikuwa nini?", anajibiwa "nyama", anaandika nyama na kwenda mbele. Matembele yaliyokuwa pembeni ya nyama hayakutajwa kwa sababu swali liliuliza mboga, nayo mboga ya mlo ule ilikuwa nyama. Na maharage yanaweza kuangukia popote, kutegemea mdadisi alikulia wapi.

Kuongeza "za majani" kwenye swali kunasaidia nusu. Kabichi ni majani, lakini rangi yake imepauka na kipimo kinaiweka kwenye mboga nyinginezo, mbali na mchicha, kisamvu na matembele. Mlenda nao si jibu la kutosha: kuna mlenda wa majani, kuna mlenda wa bamia, na mara nyingi chungu kimoja kina vyote viwili. Bamia ni kundi moja, jani ni jingine. Boga peke yake linaingia makundi matatu, nyama yake ya njano kwenye vitamini A, majani yake kwenye kijani iliyokolea, na mbegu zake kwenye karanga na mbegu. Wahenga waliosema ukipenda boga upende na ua lake hawakujua wangemtesa karani wa takwimu.

Njia inayofanya kazi ni kuacha neno mboga lifanye kazi yake ya bara, kisha kulichimba. Mwache mhojiwa ataje kwanza chakula cha kila mlo. Halafu uliza, "Mlikula na nini?" Jibu likija, uliza kilichokuwamo ndani ya chungu: kiliungwa kwa nini, nazi, karanga, nyanya, vitunguu, dagaa wa kusaga? Kisha swali ambalo wengi hulisahau: "Pembeni kulikuwa na mboga ya pili?" Mwisho uliza kiasi. Kipimo hakihesabu kundi lililoliwa chini ya gramu 15, takriban kijiko kimoja cha chakula, kwa hiyo dagaa wa unga aliyenyunyizwa kuleta harufu ni kiungo tu, wakati bakuli la dagaa wa kukaanga ni samaki kamili. Maswali haya yanaongeza dakika chache kwa kila mhojiwa. Kuzibana dakika hizo kisha kuandika ripoti nene juu ya ulaji wa majani ni kujidanganya.

Ujumbe wa afya una tatizo hilohilo kwa sura nyingine. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za matunda na mbogamboga kwa siku kwa mtu mzima, na viazi au mihogo havihesabiwi humo. Ukiandika bango "Kula mboga kila mlo", kaya nyingi za Tanzania bara zitaona zimeshatimiza, maana hakuna anayekula ugali mkavu kwa hiari. Bango halikosi lugha, linakosa habari. Kwa mtoto madhara yako karibu zaidi. Mama aliyeambiwa ampe mtoto wa miezi 6 "mboga" pamoja na ugali laini anaweza kwa haki kabisa kuulainisha kwa mchuzi wa nyama na kuamini amefuata ushauri. Mchuzi mwepesi hujaza tumbo dogo upesi na hubeba virutubisho vichache kuliko nyama yenyewe iliyopondwa au majani yaliyosagwa. Maelekezo yangemtajia kitu: mchicha uliochemshwa na kupondwa, samaki aliyeondolewa miiba, maharage yaliyomenywa na kusagwa.

Kwenye mapishi, kutotaja jani kunaweza hata kudhuru. "Chemsha mboga hadi ziive" ni maelekezo mabovu kwa sababu kuiva kwa jani moja si kuiva kwa jingine. Kisamvu hutwangwa kwanza, kisha huchemshwa kwa muda mrefu, kwa kuwa majani ya muhogo yana viasili vya sumu ya sianidi vinavyopungua kwa kutwangwa na kuchemshwa. Kisamvu cha haraka ni cha kuogopwa. Mchicha ukiupa muda wa kisamvu unageuka uji wa kijani na vitamini C yake nyingi inapotea. Majani ya kunde na mlenda huwekewa magadi na wapishi wengi ili yalainike upesi, na yanalainika kweli, ila magadi hayohayo huharibu baadhi ya vitamini. Na "unga mboga" ni amri yenye hatua ndani yake ambayo mgeni haioni: kaanga kitunguu, weka nyanya hadi ivunjike, rudisha jani lililochemshwa, mimina tui zito au karanga zilizosagwa na kuchanganywa na maji, koroga bila kuacha ili tui lisikatike, epua likianza kutokota. Mapishi ya Mtanzania husema hayo yote kwa neno moja, na msomaji wa nje ya bara anabaki na jani lililochemshwa tu.

Tanzania imeshapata suluhisho lake, na naona ni zuri kuliko linavyosifiwa: mbogamboga. Linatumika na maofisa lishe, wizara, wakulima na wafanyabiashara wa mazao ya bustani, na haliingiliani na nyama hata kidogo. Hakuna anayesema "leo mbogamboga ni dagaa". Uradidi, yaani kulirudia neno, hapa umefanya kazi yake ya kawaida ya kuonyesha mkusanyiko wa namna nyingi, kama katika rangirangi, kisha ukapata kazi ya ziada ya kurudisha neno kwenye mmea. Liandikwe kama neno moja. "Mboga mboga" yenye nafasi katikati humfanya msomaji asite, na mashine za kutafuta maneno hulivunja vipande viwili. Linajumuisha majani, bamia, biringanya, nyanya chungu na karoti, jambo ambalo "mboga za majani" haliwezi. Kwa Mkenya halina madhara: ataliona ni neno refu kidogo kwa kitu anachokijua, na hatalielewa vibaya.

Upungufu wake ni mmoja. Mbogamboga ni neno la ofisini na sokoni zaidi ya jikoni. Mtu hasemi "niongezee mbogamboga" nyumbani kwake. Anasema "niongezee majani" au anataja jina, mchicha, chainizi, figili. Kwa hiyo kwenye menyu, mapishi na ushauri wa mzazi, taja jina la kitu, na kama maandishi yatavuka mpaka weka jina la pili kando yake: mnavu au managu, mgagani au sagaa, kisamvu au sombe. Kwenye takwimu na sera, andika mbogamboga. Kwenye mazungumzo ya bara, na kwenye tamthilia na habari za maisha ya watu, mboga ibaki kama ilivyo, na mhariri asiiguse mhusika anapouliza mboga nini akajibiwa utumbo. Na mgahawa unaopokea wageni wa pande zote ufute "ugali na mboga" ubaoni, uandike "ugali, dagaa wa nazi, matembele", na bei ya kila kimoja.